Maswali ya Wasomaji: Msiba umeingia, tumaini liko wapi?

Barua nyingi tulizopokea safari hii ni za waliofiwa. Tumechagua nane. Wanaojibu ni wawili: mchungaji anayehudumia wagonjwa wodini, na mshauri wa waliofiwa. Wamejibu kwa pamoja, na pale walipotofautiana hatukuwalazimisha kupatana. Maneno ya Biblia ni ya Union Version.

Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mume wangu alifariki kwa ajali ya boti, sasa ni miezi minne. Nikipiga magoti sina la kusema, napiga kimya mpaka miguu inakufa ganzi. Wazee wa kanisa wananiambia nikaushe machozi, eti Mkristo hahuzuniki kama wapagani. Nimeanza kuona aibu kwenda ibadani. (Mama wa watoto wawili, Ukerewe)

Amina, mama, na pole sana. Tuanze na hao wazee. Mstari wanaoutumia ni 1 Wathesalonike 4:13, na wameukata katikati. Paulo anasema "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini". Huzuni hakuikataza. Na Yesu, akiwa njiani kwenda kwenye kaburi la Lazaro aliyekwisha kulala humo siku nne, alijua kabisa kwamba anakwenda kumfufua, lakini bado "akalia machozi" (Yohana 11:35). Kama machozi ni upungufu wa imani, basi wazee wana kesi na Bwana mwenyewe.

Sasa maombi. Ukikosa maneno, azima. Karibu theluthi moja ya Zaburi zote 150 ni za maombolezo, na makanisani kwetu tunazisoma kwa nadra mno. Anza na Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Mstari wa 1 na wa 2 ni malalamiko: "hata lini" imerudiwa mara nne. Wa 3 na wa 4 ni ombi. Wa 5 na wa 6 ni tumaini.

Tenga dakika kumi kila siku, saa ileile, afadhali alfajiri kabla watoto hawajaamka. Usifanye usiku ukiwa kitandani, usingizi utakupaa. Wiki ya kwanza soma mistari miwili ya mwanzo tu, kwa sauti ya kusikika masikioni mwako, kisha ongeza "hata lini" zako nne. Ziwe za kweli, za nyumbani kwako. "Hata lini nitapima unga wa watu wanne nasi tumebaki watatu?" Hilo ni ombi kamili. Sema amina, simama, kachote maji. Wiki ya pili ongeza mstari wa 3 na wa 4, na uombe kitu kimoja kinachoonekana: usingizi wa saa tano, ada ya muhula, nguvu ya kufungua sanduku la nguo zake. Mistari miwili ya mwisho usiilazimishe. Mwombe mwanajumuiya au wifi yako akusomee yeye, wewe usikilize tu. Kuna siku wenzako huamini kwa niaba yako, na ndiyo maana kuna kanisa.

Mambo yanayoharibu zoezi hili ni haya. La kwanza ni kukimbilia mstari wa 5, kwa kuwa tumezoea ushuhuda unaoishia kwa vigelegele. Malalamiko yasiyosemwa hayaondoki, yatawatokea watoto kwa ukali au yatakukaa tumboni. La pili ni Zaburi ya 88. Ni sala ya kweli, lakini inaishia gizani bila mstari wa tumaini, kwa hiyo katika miezi ya mwanzo isome mkiwa wawili, tena mchana. La tatu, na ndilo kubwa, ni kupima tumaini kwa jinsi moyo unavyojisikia. Tumaini la Mkristo limesimama juu ya tukio moja, kwamba Kristo amefufuka, "limbuko lao waliolala" (1 Wakorintho 15:20). Siku usiposikia chochote moyoni, tukio hilo halijatenguka.

Ibadani kaa benchi la nyuma karibu na mlango. Mwambie mhudumu mapema kwamba huenda ukatoka katikati ya ibada, asikufuate. Kama nyimbo za kwaya ndizo zinazokuchoma, ingia zikiisha.

Ni dhambi kumkasirikia Mungu? (Msomaji, Mbeya)

Martha, dada yake Lazaro, alimwambia Yesu usoni kwamba angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa. Hakukemewa. Katika mazungumzo hayohayo ndipo liliposemwa neno tunalolisoma makaburini: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Hasira unayompelekea Mungu mwenyewe bado ni sala. Iliyo hatari ni ile inayokufanya ukate mawasiliano naye, na na watu wake pia.

Baada ya maporomoko ya Katesh, mhubiri mmoja alisema wazi kwamba matope yale ni hukumu kwa sababu ya ulevi na ushirikina wa watu wa pale. Shangazi yangu alikufa siku ile, na alikuwa mama wa kanisa. Nimjibu nini? (Kijana, Manyara)

Pole, kijana wetu. Tarehe 3 Desemba 2023 kule Hanang, mvua kubwa ililoweka ubavu wa mlima, sehemu yake ikakatika, na tope likashuka na mawe na miti hadi kwenye nyumba na maduka. Walikufa zaidi ya watu 80. Tope halikuuliza nani mlevi na nani mama wa kanisa.

Yesu aliulizwa swali la namna hii, na jibu lake liko Luka 13:1-5. Alipewa habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato, yaani msiba wa mkono wa mtu. Yeye akaongeza wa pili, wa ajali: watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Je, walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Akajibu mara mbili, "Nawaambia, Sivyo". Kisha akawageuzia maneno wasikilizaji: ninyi mlio hai, tubuni. Mhubiri wako amechukua onyo la walio hai akalipeleka kwa marehemu. Mwonyeshe pia Ayubu 42:7. Pale Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake inawaka juu yake na rafiki zake wawili, na hao ndio waliokuwa wamemshikilia Ayubu kwamba lazima alikosa mahali.

Namna ya kumwendea: nendeni wawili, wewe na mtu mzima anayeheshimika. Msimkabili mbele za watu. Mwombeni asome nanyi Luka 13 tangu mstari wa kwanza, halafu mumwulize kama maneno yale angeweza kumwambia mama aliyepoteza mtoto wa kunyonya siku hiyo. Akishikilia msimamo, ibada za msiba wa familia yenu zisimamiwe na mwingine. Si ugomvi huo.

Jambo moja zaidi, maana linasahaulika. Anayesema "ni hukumu" huwa haulizi kuhusu mifereji, miti iliyokatwa, wala nyumba zilizojengwa kwenye mkondo wa maji. Kumtumaini Mungu hakumkatazi mtu kuhama bondeni.

Sisi ni kikundi cha akina mama wa kanisa. Mwenzetu amempoteza kijana wake kwenye ajali ya matatu. Tunaenda, tunaimba, tunaomba, tunakunywa chai, tunarudi. Tunahisi hatumsaidii kitu. (Nakuru)

Mmeona wenyewe, na wengi hawaoni. Rafiki za Ayubu walifanya jambo moja sawasawa: waliketi naye chini siku saba bila kusema neno (Ayubu 2:13). Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Kabla ya mazishi tatizo huwa si upungufu wa watu, ni fujo. Wekeni mmoja wa kupokea wageni mlangoni, mmoja wa kushika simu ya mfiwa, na wawili wa daftari la rambirambi. Kila mchango uandikwe jina, kiasi na saa, wote wawili watie sahihi, na za M-Pesa ziingie kwenye namba moja ambayo haitumiki kwa biashara ya mtu. Hesabu ikabidhiwe familia ndani ya siku tatu baada ya kuzika, mbele ya watu wa pande zote mbili, wa baba na wa mama. Tunalitaja hili kwenye ukurasa wa imani kwa makusudi: pesa za msiba zimevunja nyumba ambazo kifo chenyewe hakikuzivunja.

Msiba wenyewe huanza turubai likishushwa na viti kurudishwa. Kuanzia wiki ya pili hadi ya nane, gawaneni zamu za siku zinazojulikana, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, watu wawili wawili, dakika arobaini na tano basi. Mkija kumi mara moja, mfiwa anageuka mwenyeji wa kuwapikia. Msimwambie "ukihitaji kitu sema", kwa sababu hatasema. Angalieni kilichoisha jikoni, gesi, unga, sabuni, mkilete. Mmoja amsindikize kufuata cheti cha kifo, kwa kuwa foleni ile humrudisha mtu siku ya ajali.

Maneno yanayotosha ni "Pole. Nimekuja kukaa nawe." Baadaye, akiwa tayari, mtajeni kijana kwa jina lake. Wafiwa wengi huumizwa na jinsi jina linavyofutika ghafla vinywani mwa watu. Acheni kabisa "Mungu alimhitaji zaidi", "bado una wengine", "najua unavyojisikia" na "usilie, utamuudhi Mungu". Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wale wampendao, ni neno la kweli, ila likitolewa juma la kwanza hugeuka jiwe. Juma hilo tumieni Warumi 12:15: "lieni pamoja nao waliao."

Msimwombe asimulie ajali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu msaada wa kwanza wa kisaikolojia una hatua tatu, tazama, sikiliza, unganisha, na kumshurutisha mtu kusimulia hakumo. Akianza mwenyewe, sikilizeni hadi mwisho, na kama atarudia habari ileile mara ya tano, sikilizeni kana kwamba ni mara ya kwanza. Video ya ajali inayozunguka kwenye simu zenu, futeni. Kabla ya kuomba mwulizeni kama anataka. Maombi ya dakika mbili yanatosha, na msikemee "roho ya huzuni", kwa sababu huzuni ile ni upendo uliokosa pa kwenda.

Kisha andikeni kwenye kalenda ya kikundi: mwezi wa tatu, wa sita, siku aliyozaliwa kijana, Krismasi ya kwanza, na tarehe yenyewe ya ajali. Tarehe ya kutimiza mwaka huanza kuuma kama wiki mbili kabla, basi msingoje siku ifike.

Dada yangu amefariki, nimebaki na mtoto wake wa miaka mitano. Kila jioni anauliza mama atarudi lini. Bibi alimwambia mama amesafiri kwenda kwa Yesu. Nifanyeje? (Mjomba, Dodoma)

Bibi alitaka kumkinga, usimlaumu, lakini kuanzia leo semeni lugha moja. Mtoto aliyeambiwa mama amesafiri hukaa akingoja, na wewe ukibeba begi kwenda stendi atalia kama anafiwa upya. Aliyeambiwa "amelala" huogopa kulala. Aliyeambiwa "Mungu alimpenda akamchukua" huanza kuogopa kupendwa na Mungu, na hiyo itakugharimu miaka.

Keti naye mchana, mahali alipozoea, umwambie: "Mama amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii baridi, haumwi tena. Hatarudi hapa nyumbani. Yesu anamtunza, na sisi tunaamini siku moja Yesu atawaamsha wote waliokufa." Kisha nyamaza. Huenda akauliza kama anaweza kwenda kucheza, na hiyo haimaanishi hajasikia. Umri huo wengi bado hawajashika kwamba kifo hakirudi nyuma, kwa hiyo swali litarudi kesho na keshokutwa, nawe utajibu kwa maneno yaleyale.

Mhakikishie mambo mawili bila kuulizwa: hakusababisha yeye, na nani atampikia na kumpeleka shule. Akirudia kukojoa kitandani asichapwe. Mwalimu wake aelezwe. Mkienda kaburini awe na mtu mzima mmoja wa kwake tu, aliye tayari kuondoka naye wakati wowote. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigika bure Tanzania na Kenya.

Kaka yetu mvuvi alizama Ziwa Tanganyika miezi mitatu iliyopita. Mwili haujapatikana. Wazee wa ukoo wanataka tuzike mgomba mahali pake, mchungaji wetu amekataa, na mama hali chakula. (Kigoma)

Poleni sana. Hapa wajibuji wetu wametofautiana. Mchungaji anasema mgomba usizikwe kwa jina la mtu, maana ibada ya mazishi hukabidhi mwili, na kuuweka mgomba mahali pake ni kuigiza. Mshauri anasema familia inahitaji mahali pa kwenda, na kabla ya kuwanyima wazee lao, wapeni kitu cha kushika. Wote wawili wanakubaliana juu ya njia hii.

Kwanza kubalianeni rasmi kwamba utafutaji umekoma: wavuvi wenzake, uongozi wa mwalo na polisi waseme. Ibada ikifanyika kabla ya hapo, mama ataona mmemzika mwanawe akiwa hai. Pili, fanyeni ibada ya kumbukumbu, wala msiiite mazishi. Ifanyikie ufukweni alikotokea, asubuhi ziwa likiwa limetulia. Itajwe siku aliyozaliwa na siku aliyoondoka, wenzake wa mtumbwi waseme machache, lisomwe Ufunuo 20:13: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Andiko hilo limeandikwa kwa ajili ya watu kama ninyi. Mungu hapotezi aliyepotea kwenye maji. Tatu, nyumbani wekeni jiwe au msalaba wenye jina lake, pasipo kaburi la kuchimbwa, na wazee wa ukoo ndio waliweke kwa mikono yao. Mara nyingi wanachotaka wazee ni kwamba asiachwe bila mahali, na hapo mnapatana.

Hamko peke yenu. Ilipozama MV Bukoba, 21 Mei 1996, wengi hawakupatikana au hawakutambulika, na hadi leo makaburi ya Igoma jijini Mwanza ndiyo mahali ndugu zao wanapokwenda kuwakumbuka.

Mama asiyekula apewe uji kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, na mtu wa kunywa naye. Zikipita siku mbili hata maji hayashuki, zahanati.

Ndugu yangu alifiwa na mkewe na mtoto kwa moto miezi minane iliyopita. Halali, amekonda, na juzi alisema anatamani kuwafuata. Kanisani wamempangia mfungo wa siku saba. (Kakamega)

Mfungo usimame leo. Elia aliketi chini ya mretemu akaomba afe, na Mungu hakumpa mfungo wala mahubiri. Malaika alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Akala, akalala, akaguswa tena, akala tena, "kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako" (1 Wafalme 19:4-8). Chakula na usingizi vilitangulia. Mazungumzo na Mungu yalifuata baadaye, kwenye mlima Horebu.

Mwulize ndugu yako waziwazi, mkiwa wawili: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandi mtu wazo, humfungulia mlango. Akikubali, asiachwe peke yake hata usiku. Ondoeni nyumbani dawa za shambani na vidonge vyote vilivyokaa droo. Mpelekeni hospitali ya kaunti siku hiyohiyo, mwombe kliniki ya afya ya akili, na mwende na mtu atakayesimulia kwa niaba yake kama hawezi. Usiku mkikwama, simu ya ushauri ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199, bure.

Msimnunulie dawa za usingizi dukani. Humfanya alale bila kumponya, na mwili huzizoea.

Huzuni iliyomshika mtu kwa nguvu ileile kwa zaidi ya miezi sita, asiweze kazi wala usingizi, wataalamu wanaitambua kama ugonjwa unaotibika. Kwenda kliniki Jumatatu na kwenye maombi Jumatano hakupingani. Mchungaji wenu akisema kunapingana, mwulizeni akiumwa malaria huwa anafanyaje.

Tumefiwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Nabii mmoja anasema ni mkosi wa ukoo, na mafuta ya kuuvunja ni shilingi laki tatu. Mama yuko tayari kuuza mbuzi. (Morogoro)

Mbuzi wabaki bandani. Wanafunzi walipomwona kipofu wakamwuliza Yesu nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu alikataa yote mawili (Yohana 9:3). Alaaniwe nani tena, na bei ilitoka wapi? Andikeni vifo vitatu kwenye karatasi, kila kimoja na chanzo alichosema daktari. Kama viwili vina chanzo kimoja, mfano shinikizo la damu au sukari, basi waliobaki wote mkapime wiki hii. Mama msimkaripie, anatafuta mtu wa kumwambia kwamba hatakufa mwingine, na hilo hakuna anayeweza kumuahidi. Mwiteni mchungaji wa kawaida, yule anayekuja kwa baiskeli na harudi na bahasha, aombe na nyumba nzima, chumba kwa chumba kama mama anataka hivyo. Na nabii akipiga simu tena, mwombeni risiti.